Loki za boneti: pima mvuto kwanza, ufunguo baadaye

Ukitaka kujua kama boneti ya gari lako imeshikwa sawasawa, ingia barabara ya vumbi ya Sengerema au Ukerewe wakati wa kiangazi, pale vituta vidogo vinapofuatana kama mbavu za mtumbwi. Endesha kilomita 50 kwa saa, kisha mwambie aliyekaa kushoto atazame kona za mbele za boneti. Boneti iliyoshikwa vizuri hutikisika pamoja na madigadi kama kitu kimoja. Iliyolegea hucheza peke yake: kona moja inapanda huku nyingine inashuka, na ule mwanya kati ya boneti na madigadi unapanuka na kubana. Ukiona hivyo, gari lako lina tatizo ambalo ufunguo hautalitibu.

Naanza na hilo kwa sababu makomeo ya nje ya boneti, yale ambayo dukani huitwa loki za boneti, hununuliwa kwa kumwogopa mwizi wa betri. Hofu hiyo ina msingi. Hapa Mwanza, gari linalolala nje Mabatini, linaloachwa Kirumba Mwaloni wakati samaki wanapakuliwa, au linalokaa saa nzima kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga, liko mikononi mwa kila anayepita. Waya wa boneti wa kiwandani hupita karibu na shoo ya mbele, na kwenye magari mengi mtu mwenye kipande cha waya mgumu anaweza kuuvuta akiwa nje. Ila komeo lina kazi mbili: kuzuia mkono wa mtu, na kuibana boneti isicheze. Fundi akiifikiria ile ya kwanza tu, atafunga kitu kizuri kwa macho, na baada ya miezi michache rangi itakuwa imepasuka kuzunguka bolti, matundu yamepanuka na kuwa na umbo la yai, na boneti inapiga kelele kuliko ilivyokuwa mwanzo.

Tuangalie kwanza boneti inapambana na nini. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa yetu ni nyepesi kidogo kuliko ya Dar es Salaam. Hata hivyo, gari likiwa na kilomita 100 kwa saa, upepo unaolipiga uso kwa uso una shinikizo la takriban paskali 400. Chukua boneti ya mita za mraba 1.2. Upepo ukipata njia ya kuingia chini yake na kuisukuma yote, msukumo unakaribia uzito wa kilo 50. Kwa kilomita 50 kwa saa msukumo huo ni robo tu, kama kilo 12, kwa sababu nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa mwendo. Ndiyo maana boneti inayoonekana tulivu mjini hushtua watu barabara ya Musoma. Mchana upepo wa ziwani huvuma kuelekea nchi kavu. Ukikutana nao uso kwa uso kwa kilomita 30 kwa saa huku wewe una 100, boneti inahesabu 130, na zile kilo 50 zinakuwa zaidi ya 80. Kwenye daraja la Kigongo–Busisi, ambalo lina urefu wa kama kilomita 3 na halina kichaka wala jiwe la kukukinga, utauhisi upepo huo kwenye usukani kabla hujauona kwenye boneti.

Mzigo huo wote loki ya katikati ya kiwandani inaubeba peke yake, pamoja na ile ndoano ya usalama unayoisukuma kwa kidole. Ikiwa nzima, inatosha. Makomeo mawili ya pembeni huja kusaidia kona. Kwa hiyo narudia kwa kila anayeuliza: usiitoe loki ya kiwandani. Usiikate, wala usiufunge waya wake "kwa sababu sasa tuna mbili za nje". Siku komeo moja likifyatuka, ile ndoano ndogo ndiyo itakayozuia boneti isije kwenye kioo cha mbele.

Kuchagua

Sokoni kuna aina tatu hivi. Ya kwanza ni ya mpira, yenye kichwa cha T kinachovutwa na kunasa kwenye kikalio chake. Ni rahisi kufunga na inasamehe makosa ya vipimo, lakini haina ufunguo, na jua letu linaukausha mpira mpaka unapasuka. Ya pili ni pini: nguzo inatoka chini, inapenya boneti, na juu yake unachomeka kipini. Kuna pia toleo linalozama ndani ya bati na kufunguka kwa kubonyeza, wakati mwingine kwa ufunguo. Hiyo ni ya magari ya mashindano. Inataka tundu kubwa kwenye uso wa boneti, na kwenye mvua za masika tundu hilo ni mlango wa maji juu ya injini. Siipendekezi kwa gari la kazi.

Ya tatu ndiyo ninayoizungumzia hapa: komeo la mkono, lenye kitanzi kinachonasa kwenye kulabu, na mkono unaoubana chini mpaka unalala. Siri yake iko kwenye ekseli zake ndogo. Mkono ukilala, mstari wa mvuto unavuka ekseli na kwenda upande wa pili, kwa hiyo kadiri boneti inavyovuta juu, ndivyo mkono unavyozidi kulala. Hapo mvuto wenyewe ndio unaofunga, na ufunguo kazi yake ni kumzuia mtu asiunyanyue mkono. Ukinunua, funga na fungua mkononi huku umekishika kitanzi kwa nguvu. Lazima usikie ule "tak" wa kuvuka katikati. Komeo linalosimama palepale katikati bila kuvuka, au linaloshikiliwa na ufunguo peke yake, liache dukani.

Kitanzi kiwe na nyuzi za kurekebisha urefu, pamoja na nati ya kukaza. Bila hizo huna namna ya kuurekebisha mvuto, na kila kitu kitategemea uzuri wa tundu la kwanza. Kuhusu chuma, stenlesi ya 304 inatosha kabisa kwa maji yetu yasiyo na chumvi. Wa Tanga na Pangani ndio watafute 316. Sumaku inasaidia kidogo hapa: stenlesi ya 304 haivutwi, au inavutwa kwa mbali sana pale ilipokunjwa. Ikiganda kwa nguvu mwili mzima, unauziwa chuma cha kawaida kilichong'arishwa, na msimu mmoja wa mvua utakuonyesha kutu kwenye springi.

Kuna jambo jingine ambalo maboksi hayalisemi. Makomeo mengi ya bei nafuu yana ufunguo mzuri kwenye mkono, halafu kulabu ya upande wa boneti imefungwa kwa skrubu mbili za msalaba zilizo wazi nje. Mwizi hana haja ya ufunguo wako. Anahitaji bisibisi na dakika moja. Angalia kama mkono ukilala unafunika vichwa vya bolti za mwili wa komeo, na kama kulabu ina kifuniko. Kama haina, badilisha bolti zake. Bolti ya kichwa duara yenye shingo ya mraba, ile ya mageti, haishikiki kwa spana wala bisibisi kutoka nje. Shingo yake inataka tundu la mraba, nawe utalichonga kwa tupa ndogo ya pembe tatu. Ni kazi ya dakika kumi kwa kila tundu, na inafanya zaidi ya kufuli lenyewe.

Mahali pa kukaa

Magari hayafanani. Toyota FJ40 za zamani, zilizotengenezwa kuanzia 1960 hadi 1984, pamoja na Jeep Wrangler, zina boneti ambayo mbavu zake zinashuka kando na kukutana na bodi. Hizo zilitoka kiwandani na makomeo ya nje, moja kila upande, bila ufunguo. Kubadilisha ni rahisi: matundu yapo na mwelekeo wa mvuto umeshaamuliwa. Badilisha upande mmoja kwanza huku mwingine umefungwa, ili boneti isihame. Ukifungua pande zote mbili kwa pamoja, utahangaika nusu siku kuirudisha kwenye mstari. Kama tundu jipya halilingani na la zamani kwa milimita mbili tatu, usililazimishe kwa kulipanua. Ziba la zamani, toboa jipya kando yake.

Magari ambayo boneti imelala juu bapa na kufungwa kwa loki ya katikati tu ndiyo yenye kazi. Chora mawazoni mstari kutoka kulabu ya boneti hadi mwili wa komeo: ndio mwelekeo wa mvuto, nao lazima uende chini moja kwa moja. Ukivuta kuelekea nje, utapanua ukingo wa boneti. Ukivuta kuelekea nyuma, utabebesha bawaba mzigo ambao si wake, na matundu yatakuwa mayai. Tumia timazi: uzi na nati nzito inatosha, gari likiwa limesimama pa tambarare. Mwanza kupata tambarare si jambo la kudharau. Sakafu ya zege ya kituo cha mafuta ni bora kuliko kando ya barabara ya mlimani.

Kama hakuna uso wa wima wa kupokea mwili wa komeo, tengeneza kipande cha pembe cha umbo la L kwa chuma cha milimita 3, kikae kwenye paneli ya mbele chini ya kona ya boneti. Mafundi chuma wa Nyakato wanakata na kukunja kipande kama hicho ukiwapelekea kielelezo cha boksi gumu. Usifanye kwa bati la milimita 1. Litapinda kidogokidogo, mvuto utapotea, nawe utadhani komeo ndilo limelegea.

Kwa urefu, gawa boneti mara tatu kuanzia bawaba hadi ncha ya mbele, na komeo likae kwenye theluthi ya mbele. Usiende kwenye kona kabisa. Acha kama sentimita 15, kwa sababu kona mara nyingi ni bati moja lisilo na ubavu ndani. Fungua boneti, pitisha vidole upande wa chini, utazihisi mbavu zake. Kulabu ikae juu ya ubavu au karibu nao. Ukiona mkato au kibonde kilichokusudiwa kwenye ubavu, ruka hapo. Boneti nyingi zimetengenezwa zikunjike hapo wakati wa ajali, na hutaki kuliimarisha eneo lililowekwa ili likunjike. Na kama gari ni jipya kiasi kwamba boneti yake hunyanyuka yenyewe kumkinga mtembea kwa miguu anapogongwa, basi makomeo ya nje hayafai kabisa kwenye gari hilo.

Mwili wenye mkono na ufunguo ukae chini, kwenye bodi. Kulabu ikae juu, kwenye boneti. Mafundi wengine hugeuza, kisha kila boneti inapofunguliwa ule mkono unaning'inia na kukwaruza rangi.

Kabla ya drili

Nyoosha boneti kwanza. Pima mwanya wa kushoto na kulia, mbele na nyuma. Kama unatofautiana, legeza bolti za bawaba na usukume boneti mpaka ilingane. Kisha rekebisha zile raba za kona zinazopandishwa na kushushwa kwa kuzungusha: boneti ikifungwa, izilalie zote. Jaribu kwa ukanda wa karatasi. Uweke juu ya raba, funga boneti, vuta. Ukitoka bila kushikwa, raba iko chini mno. Makomeo si kifaa cha kunyooshea boneti iliyopinda. Ukiyatumia hivyo, yatainyoosha wakati imefungwa tu, na bawaba italipa gharama.

Kisha chungulia drili itatokea wapi. Nyuma ya bati la madigadi kuna nyaya za taa, bomba la eyakondishena, tangi la maji ya kioo, na kwenye magari mengi boksi la fyuzi. Toa waya wa hasi wa betri. Funika betri na alteneta kwa kitambaa kibichi.

Vifaa havizidi meza moja: drili, biti ya milimita 3 na ya 6.5, panchi, tupa bapa na ya pembe tatu, spana namba 10, tepu ya karatasi, praima ya zinki, na brashi ndogo. Kwa komeo lenye bolti nne kwenye mwili na mbili kwenye kulabu, pande zote mbili zinataka bolti 12 za M6 (zenye kipenyo cha milimita 6), nati 12 za kujifunga zenye nailoni, washa 12 na mabamba 4 ya kuwekwa nyuma ya bati. Nunua 14, mbili zitadondoka mahali usipopaona. Urefu unahesabika: bati 0.8, raba 1.5, kitako cha komeo 2.5, bamba 2, washa 1.6, nati 6. Jumla milimita 14.4, kwa hiyo bolti ya 16 inatosha na inaacha nyuzi kidogo nje ya nati. Ya 25 itatokeza ndani na kutafuta waya wa kuuchuna.

Bamba la nyuma ndilo ninalolitetea kwa nguvu zote. Bati la boneti ni jembamba, kwa kawaida chini ya milimita 1, na washa peke yake hukusanya mvuto kwenye duara la sentimita moja na kidogo. Hapo ndipo rangi inapopasuka kama nyota. Bamba la milimita 40 kwa 80, unene wa 2, kona zake zimeviringwa kwa tupa na limepakwa rangi, linaugawa mzigo huo kwenye uso mkubwa. Ukikosa bamba upande wa madigadi unaweza kuvumilia kwa muda. Upande wa boneti, usifanye bila bamba.

Tatizo huja pale ukingo wa boneti ulipo wa bati mbili zenye uwazi katikati na mkono hauingii. Ukipitisha bolti kwenye bati zote mbili na kukaza, utazibonyeza zikutane, na kibonde kitaonekana juu. Njia ya kwanza ni kukata kibomba chenye urefu sawasawa na uwazi ule, bolti ipite ndani yake. Ya pili ni nati za ribiti, zile zinazobanwa ndani ya tundu kama ribiti: ya M6 inataka tundu la milimita 9, ya M5 tundu la milimita 7. Hizi zinafaa, lakini kwenye bati jembamba huzunguka ukizikaza kwa hasira, na zikishazunguka huna pa kuzishika. Njia ninayoipenda zaidi ni kuchomelea nati mbili kwenye bamba kabla ya kulipaka rangi, ukalifunga waya na kulivuta ndani ya uwazi kupitia tundu la ubavu mpaka lifike chini ya matundu yako. Inachosha mikono, lakini haizunguki kamwe.

Kutoboa na kubana

Bandika tepu ya karatasi pande zote mbili. Pima kuanzia bawaba. Usipime kuanzia taa wala shoo, kwa sababu hizo hufunguliwa na kurudishwa, na mara nyingi haziko mstari mmoja. Weka alama ya kulia, hamishia kushoto kwa kipande cha boksi ulichokigeuza, kisha pima tena.

Toboa tundu moja la mwili wa komeo, si yote manne. Gonga panchi kidogo tu, biti ya 3, halafu ya 6.5. Funga bolti moja, simamisha komeo kwa timazi, ndipo weka alama ya tundu la pili la upande wa mshazari. Baada ya hayo mawili, mengine hayawezi kukosea. Sasa rekebisha kitanzi kiwe katikati ya nyuzi zake, kikiwa na nafasi ya milimita 5 kurefuka na 5 kufupika. Funga boneti kwenye loki yake ya kiwandani. Shika kulabu ndani ya kitanzi huku mkono wa komeo uko nusu ya safari yake, na hapo ndipo weka alama ya kulabu kwenye boneti. Anayeweka alama ya kulabu wakati mkono umelala kabisa atapata komeo lisilobana kitu.

Kila tundu lipitie hatua hizi hata kama jioni imefika: lainisha kingo kwa tupa, futa vumbi la chuma, paka praima ya zinki, isubiri ikauke, paka tena. Vipande vya chuma kutoka kwenye drili hutoka vya moto na kunata kwenye rangi. Ukivifuta kwa kitambaa kikavu unavichimbia ndani. Mwagia maji kwanza, pitisha sumaku iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni, kisha futa. Ukiviacha na unyevu wa asubuhi za ufukweni, baada ya siku chache utaona vidoti vya kahawia bonetini nzima na kudhani rangi imeoza.

Raba ya chini ya kitako ikatwe kutoka tyubu ya gari. Iwe nyembamba, kwa sababu raba nene hubonyea kila siku na kukulegezea bolti. Bolti za stenlesi zina tabia ya kung'ang'aniana na nati zake zikikazwa haraka: zinapata joto, nyuzi zinakwama, na hapo hutaitoa ila kwa msumeno. Paka grisi kidogo, zungusha polepole kwa mkono, usitumie mashine. Kukaza kwa mwisho ni takriban nyutoni-mita 7, yaani spana fupi namba 10 kwa mkono mmoja, mpaka raba ianze kutokeza pembeni kidogo tu.

Kwa Land Rover Defender ya zamani, ile ambayo utengenezaji wake ulikoma Januari 2016, kuna neno la ziada. Madigadi yake ni ya aluminiamu. Stenlesi ikigusana na aluminiamu penye unyevu, aluminiamu ndiyo inayoliwa: utaona unga mweupe kuzunguka bolti na rangi ikivimba. Weka raba pande zote mbili, washa za nailoni, na kipande cha mpira mwembamba kuvisha shingo ya bolti isiguse ukingo wa tundu. Betri ya gari hilo kwa kawaida iko chini ya kiti cha mbele, kwa hiyo kama betri ndiyo inayokunyima usingizi, fedha ya kufuli iende kwenye kiti.

Sasa mvuto. Legeza kitanzi mpaka mkono ulale bila upinzani wowote, kisha kifupishe mzunguko mmoja mmoja. Nyuzi za kawaida za M6 zina hatua ya milimita 1, kwa hiyo mzunguko mmoja ni milimita moja. Hesabu, na uandike kwenye tepu. Unatafuta hali hii: mkono unaanza kukataa ukiwa karibu nusu ya safari, unalala kwa kiganja kimoja, na unasikia "tak". Kama unahitaji mikono miwili au goti, umekaza mno. Tazama boneti kwa mshazari, macho yakiwa usawa wa bati: ukiona imejipinda kati ya makomeo mawili, rudisha mzunguko mmoja. Rudia ule ukanda wa karatasi kwenye raba za kona, ushikwe kwa nguvu sawa kushoto na kulia. Tofauti ya mizunguko zaidi ya miwili kati ya pande inaonyesha kuwa boneti haikunyooshwa pale mwanzo, na hapo ndipo pa kurudi. Usijaribu kusawazisha kwa kitanzi. Ukimaliza, kaza nati ya kitanzi. Hiyo ndiyo husahaulika, na bila hiyo vituta vya barabara vitakifungua kitanzi chenyewe.

Mwaga maji kwa ndoo juu ya matundu, fungua, angalia chini ya bati. Kisha ingia rafu rodi kilomita 20, simama, pima tena. Mvuto utakuwa umepungua kidogo kwa sababu raba imelala. Ongeza nusu mzunguko au mmoja. Rudia baada ya kilomita 100. Baada ya hapo, kila unapobadilisha oili inatosha.

Kuishi nayo

Kufunga, anza na loki ya kiwandani, halafu makomeo. Kufungua, makomeo yote mawili kwanza, ndipo uvute waya. Mtu akisahau komeo moja na kunyanyua boneti kwa nguvu, kona inapinda, na boneti iliyopinda kona hairudi sawasawa. Gari likienda kuoshwa au gereji, mwambie kijana kabla hajashika: "Fundi, hii ina loki mbili za pembeni, anza nazo." Kwa trafiki au mkaguzi anayetaka kuona namba ya injini, fungua mwenyewe.

Kitundu cha ufunguo usikitie oili. Oili hukamata vumbi, na vumbi letu lenye mchanga wa mawe ya granaiti husaga silinda za loki kama msasa. Kwangua risasi ya penseli iwe unga, upulize ndani, ingiza ufunguo mara kadhaa. Komeo lenye kifuniko cha mpira juu ya kitundu linastahili kulipiwa zaidi. Makomeo yote mawili yatumie ufunguo mmoja. Nakili namba yake, na ufunguo wa akiba usikae ndani ya gari.

Na kuna moto. Waya ukiungua chini ya boneti unahesabu sekunde, na ufunguo uliobaki nyumbani kwa mwenye gari hausaidii dereva. Ufunguo wa makomeo uwe kwenye pete moja na wa kuwashia gari. Ukiwa safarini mbali na watu, laza mikono ya makomeo lakini usifunge ufunguo: mvuto unatosha kuishika boneti, na ufunguo ni wa mjini na wa kwenye kivuko. Moshi ukitoka, zima injini, nyanyua boneti kidogo tu, upenyeze mdomo wa kizimamoto kwenye mwanya. Kuifungua yote kwa mara moja ni kuupa moto hewa uliokuwa ukiitafuta.